Mwanagenzi wa Uhandisi na Mkono wa Nyumbani

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo imewaonya vijana wengi, na wazazi hupenda kuikumbusha kila wanaposikia kwamba mtoto wao anataka kufanya kazi ya mshahara huku akisomea shahada. Hata hivyo, nchini Uingereza uko mpango mzima uliojengwa juu ya kushika mbili. Mpango huo ulianza mwaka 2015, nao huitwa uanagenzi wa shahada. Kijana huajiriwa na kiwanda, hulipwa mshahara, na wakati huo huo husoma chuo kikuu mpaka apate shahada kamili kama mwenzake aliyekaa darasani siku zote. Miongoni mwa fani zilizoupokea mapema ni uhandisi.

Kwamba jambo hilo lawezekana si la kubishaniwa, kwa maana wengi wamekwisha kulimaliza. La kuulizwa ni hili: kitu gani humsaidia kijana huyo hata kile cha pili kisimponyoke? Jibu la haraka ni bidii yake mwenyewe. Bidii haina budi iwepo, lakini jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na aliyeridhika nalo humwachia kijana mzigo ambao haukukusudiwa kubebwa na mtu mmoja.

Uanagenzi wenyewe si jambo jipya kwa Waingereza. Sheria ya mwaka 1563 iliamuru kwamba mtu asijifanyie kazi ya ufundi kabla ya kutumika chini ya bwana fundi kwa muda usiopungua miaka 7. Mikataba ya siku zile ilimkataza mwanagenzi kuoa, kucheza kamari na kuzurura katika vilabu vya pombe. Bwana fundi naye alifungwa na ahadi zake: alimfunza kijana kazi, alimlisha, na kumpa mahali pa kulala. Maisha hayo hayakuwa mepesi, na mabwana wakatili walikuwapo. Lakini lilikuwapo jambo moja la kufaa: aliyemtumikisha kijana mchana ndiye aliyemwona usiku. Akimchosha kupita kiasi, hasara ilirudi mezani pake mwenyewe.

Viwanda vikubwa vilipokuja, desturi hiyo ililegea, na mwaka 1814 sehemu ya sheria iliyohusu uanagenzi ilifutwa. Fundi sasa alilala kwake, na elimu ikawa shughuli yake ya baada ya kazi. Mwaka 1823 mafundi wa London waliundiwa taasisi yao ambamo walisikiliza mihadhara ya sayansi jioni, mikono yao ikiwa bado na harufu ya mafuta ya mashine. Mwaka 1921 zikaanzishwa hati za taifa za uhandisi, na kwa vizazi kadhaa fundi aliyetaka kupanda ngazi aliitafuta hati hiyo, wengi wao kwa masomo ya usiku. Njia hiyo ilitoa wahandisi hodari. Ilitoa pia watu wengi waliokata tamaa katikati. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Geoffrey Crowther, iliyotolewa mwaka 1959, ilionyesha wazi kwamba walioianza safari hiyo walikuwa wengi na waliofika mwisho walikuwa wachache. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa watu waliodaiwa kufikiri vizuri saa mbili za usiku, baada ya kusimama mbele ya mashine tangu asubuhi.

Mpango wa mwaka 2015 ulikusudiwa kuliondoa kosa hilo. Kwanza, gharama za masomo zilitolewa mabegani mwa kijana. Mwaka 2012 karo ya vyuo vikuu vya Uingereza ilikuwa imepandishwa hadi kiwango cha juu cha pauni 9,000 kwa mwaka, na wanafunzi wengi wakawa wanamaliza chuo wakiwa na deni kubwa. Mwanagenzi halipi karo hiyo. Tangu Aprili 2017, waajiri ambao jumla ya mishahara wanayolipa hupita pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 0.5, na fedha hizo hutumika kwa mafunzo. Pili, muda wa kusoma uliwekwa ndani ya saa za kazi zenye malipo. Kwa miaka ya mwanzo sheria ilidai kwamba asilimia 20 ya muda wa kazi itumike kwa mafunzo ya nje ya kazi ya kila siku. Mwaka 2022 kipimo cha chini kikafanywa saa 6 kwa juma kwa mfanyakazi wa muda kamili. Tatu, iliwekwa hati yenye saini za pande tatu: kijana, mwajiri na chuo. Kila upande hutamka humo utakalolitenda.

Msomaji wa Afrika Mashariki aitazame tofauti iliyopo kati ya njia hiyo na ile aliyoizoea. Tangu Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, mwanafunzi wa uhandisi hupelekwa viwandani kwa majuma kadhaa ya mafunzo kwa vitendo, kisha hurudi chuoni. Yeye ni mwenyeji darasani na mgeni kazini. Mwanagenzi wa Uingereza ni kinyume chake: yu mwenyeji kazini, ana msimamizi, ana kadi ya kuingilia langoni, na kazi yake ikiharibika huulizwa. Darasani ndiko anakofika kama mgeni, siku moja katika juma au majuma machache kwa mfululizo, akiwa na mengi ya kukamilisha kabla hajaondoka.

Faida ya mpangilio huo huonekana katika mambo madogo. Tuseme kijana wa miaka 19 amewekwa kwenye mashine ya kukereza vyuma, naye anatengeneza shafti. Pale shafti inapopungua unene, fundi mzee humwagiza asiache kona kali, bali aizungushe kidogo. Kijana hutii bila ya kujua sababu. Siku ya darasa ikifika, mwalimu hufundisha kwamba mkazo ndani ya chuma hujikusanya mahali penye kona kali, na kwamba chuma kinachobebeshwa mzigo na kupumzishwa mara elfu nyingi huanza kupata ufa hapo hapo, hata kama kila mzigo peke yake ni mdogo kuliko nguvu zake. Wahandisi huliita jambo hilo uchovu wa chuma. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilipasuka angani kwa sababu hiyo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nyufa zilianzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa katika bati la ndege. Mwanafunzi wa kawaida huyaandika hayo katika daftari. Mwanagenzi hukumbuka mkono wa fundi mzee, na kesho yake hurudi kwenye mashine akiwa mtu mwingine. Kwake yeye kazi na kitabu vimekuwa kitu kimoja, na hapo methali ya mshika mbili haimpati tena.

Lakini yapo mahali inapompata bado, nako ni kwenye saa. Juma zima lina saa 168, wala hakuna waziri wala profesa awezaye kuongeza hata moja. Kiwanda na darasa pamoja huchukua kama saa 37. Usingizi wa saa 8 kwa usiku huchukua 56. Safari, chakula, kuoga na kufua zikipewa saa 5 kwa siku, hizo ni 35. Zinabaki saa 40. Katika hizo, hisabati, mekanika na ripoti za chuo hudai 12 au 15 zaidi ya muda uliotolewa kazini, hasa mitihani inapokaribia. Saa 25 zilizosalia ndizo za wazazi, mchumba, ibada, mpira na kupumua. Kiwanda kikiomba kazi ya ziada Jumamosi, au mgonjwa akipatikana nyumbani, saa hizo huliwa kwanza. Zikiisha, huliwa saa za kitabu. Kitabu kikiisha, huliwa usingizi. Na shahada ya namna hiyo katika uhandisi huchukua kwa kawaida miaka 4 hadi 6. Mwaka mmoja wa kukosa usingizi kijana huvumilia. Miaka mitano humla taratibu, kwa mizigo midogo midogo inayorudiwa, kama ile shafti.

Ndiyo maana ahadi ya mwajiri haina budi ilindwe kuliko zote. Siku ya darasa ni rahisi kuibwa, kwa sababu haiibwi kwa ubaya. Oda ya mteja imechelewa, mashine imesimama, wenzake wawili wanaumwa, na msimamizi humwomba kijana asiende chuoni juma hili tu. Kijana huona haya kukataa. Yeye ni mdogo, tena anataka asemwe kuwa ni mtu wa kazi. Juma lijalo pia huwa na udhuru wake. Baada ya miezi mitatu amekosa madarasa manne, na somo la hisabati ambalo kila hatua yake husimama juu ya nyingine limemwacha nyuma. Akianguka mtihani, watu husema kwamba chuo kimemshinda. Wala hawasemi kwamba muda wake ulichukuliwa na wengine. Kanuni huruhusu siku ya masomo ihamishwe kwa sababu nzuri, lakini hudai muda huo ulipwe ndani ya saa za kazi. Msimamizi mwema huandika siku atakayoirudisha kabla hajaichukua.

Historia ya majeshi inao mfano mmoja mkubwa wa jambo hili. Frank Whittle alizaliwa mjini Coventry mwaka 1907. Alipotaka kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, alikataliwa mara ya kwanza kwa ajili ya udogo wa mwili. Hakuchoka, na mwaka 1923 alipokewa katika kambi ya Cranwell awe mwanagenzi wa ufundi wa ndege. Baada ya miaka 3 jeshi lilimchagua, pamoja na wenzake wachache sana, aingie chuo cha maofisa. Huko, mwaka 1928, aliandika insha juu ya ndege za siku zijazo, na Januari 1930 akaomba hataza ya injini ya jeti. Mwaka 1934 jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Cambridge akasomee uhandisi akiwa bado ofisa, mwenye mshahara wake, tena mume na baba. Alihitimu mwaka 1936 kwa daraja la kwanza, na mwaka huo huo kampuni ya kuijenga injini yake ikaundwa. Injini hiyo iliwaka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1937. Tarehe 15 Mei 1941 ndege ya kwanza ya Uingereza yenye injini ya jeti iliruka, nayo iliruka kutoka Cranwell, pale pale alipofika akiwa mwanagenzi miaka 18 kabla.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama sifa ya akili ya mtu mmoja. Akili aliyokuwa nayo haina shaka. Lakini aliyetaka kujifunza aangalie pia ni nani aliyempa Whittle muda. Jeshi lilimpa nafasi ya kusoma, likaendelea kumlipa, na alipohitimu likamwongezea mwaka mmoja wa kuendelea na utafiti. Mahali ambapo hakupata mkono, pengo lilionekana: mwaka 1935 hataza yake ilikufa kwa kukosa ada ya pauni 5, ambayo yeye hakuweza kuitoa na Wizara ya Anga ilikataa kumlipia. Na pale kazi ilipozidi nguvu za mwili, malipo yake yalikuja. Wakati wa vita alifanya kazi mpaka afya yake ikavunjika zaidi ya mara moja, na mwaka 1948 alistaafu jeshi kwa sababu hiyo, akiwa na miaka 41. Mwenye heshima na mwenye kuchoka walikuwa mtu yule yule.

Sasa irudiwe ile hati yenye saini tatu. Kijana ametia saini, mwajiri ametia, chuo kimetia. Kila mmoja humwona sehemu ya siku. Msimamizi humwona kazini, akiwa amevaa nguo za kazi na kujikaza mbele ya wakubwa. Mwalimu humwona darasani siku moja. Bwana fundi wa zamani, aliyemwona mwanagenzi usiku, hayupo tena. Anayemwona kijana akisinzia juu ya daftari, akiacha chakula, akianza kukasirika kwa neno dogo, ni mtu wa nyumbani. Nyumba ndiyo upande wa nne, nayo haikuombwa saini.

Nyumba ya askari inalijua jambo hili kuliko nyumba nyingi. Polisi akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, mkewe huwatoa watoto wakacheze mbali, huwaambia wageni warudi alasiri, na kambi nzima huelewa kwamba mlango uliofungwa saa nne za mchana si wa majivuno. Hakuna anayemwita mtu huyo mvivu kwa kulala jua likiwaka. Heshima hiyo hiyo ndiyo anayoihitaji mtu asomaye huku akifanya kazi, awe mwanagenzi wa kiwanda cha Uingereza, awe fundi wa jeshi, au awe konstebo anayejiendeleza. Tofauti ni kwamba lindo huonekana, lakini kusoma hakuonekani. Mtu aliyeinama juu ya kitabu hudhaniwa kuwa amekaa bure, na mwenye kukaa bure hutumwa dukani.

Kwa hiyo yako mambo ambayo familia yaweza kuyafanya, tena hayahitaji fedha nyingi. Ratiba ya kazi na ya masomo ibandikwe ukutani, ili kila mtu ajue jioni ipi ni ya kitabu na jioni ipi ni ya maongezi. Ipatikane meza moja na taa moja ambazo kwa saa hizo hazina mwenyewe mwingine. Mambo ya jamaa yanayoweza kusubiri yasogezwe hadi baada ya mitihani, na yale yasiyoweza kusubiri, kama msiba na ugonjwa, yaelezwe mapema ili taarifa ifike chuoni na kazini. Mshahara wake nao uhurumiwe. Kijana mwenye kipato huonekana kama kisima, na kila mwenye ndoo huja. Lakini mshahara wa mwanagenzi ni mdogo kuliko wa mhandisi, na akilazimika kutafuta kibarua cha tatu ili aridhishe jamaa, familia itakuwa imekula mbegu ya shamba lake yenyewe.

Mwenye mke au mume hana budi kuketi naye kabla ya kuanza, si baada ya ugomvi wa kwanza. Miaka mitano ni mingi katika ndoa. Watoto huzaliwa humo, wazee hufariki humo. Mwenzi aliyeelezwa hesabu ya zile saa 25 tangu mwanzo, na akagawiwa sehemu yake waziwazi, huvumilia mengi. Aliyeahidiwa kwamba hakuna kitakachobadilika huona kila kitabu kuwa ni mwizi. Naye msomaji mwenyewe asijifiche nyuma ya masomo. Jioni aliyoitoa kwa nyumba iwe ya nyumba, daftari likiwa limefungwa.

Zipo pia dalili za kuangaliwa. Mtu akiacha kabisa kuzungumza juu ya masomo yake, akitafuta visingizio siku ya darasa, au usingizi ukimkimbia hata akiwa amechoka, asikemewe kwamba amelegea. Aulizwe, kisha ahimizwe aende mapema kwa mwalimu na msimamizi wake. Katika mpango wa Uingereza inaruhusiwa kusimamisha mafunzo kwa muda kwa sababu ya ugonjwa, uzazi au shida nzito, kisha kuendelea pale mtu alipoishia. Aliyesema mapema hupata pumziko na kurudi. Aliyenyamaza mpaka mwisho mara nyingi huondoka kabisa, akidhani kwamba ameshindwa na akili, kumbe ameshindwa na uchovu.

Siku ya kupokea shahada, jina litakalotajwa ni moja, na ndivyo ipasavyo, kwa maana mtihani aliufanya yeye. Lakini kabla ya siku hiyo kuna jioni nyingi ambazo mtu wa nyumbani aliamua kupunguza sauti ya redio, mama aliosha vyombo visivyo vya zamu yake, na msimamizi alimwachia kijana wake aende chuoni hata oda ikiwa imechelewa. Mwenye mtoto, ndugu au mwenzi aliyeianza njia hiyo asingoje kuombwa. Amwulize usiku huu huu siku yake ya darasa ni ipi, na mtihani wake uko lini, kisha aandike tarehe hizo mahali ambapo nyumba nzima itaziona.